Reale Isiyo na Sura

Sikumpunja. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu. Ukishasikia kwamba fundi wa fedha kutoka pwani amenunua reale ya mwanamke wa mlimani, unaona unaijua hadithi yote, na mdomo umeshaanza kubenuka. Mie sikumpunja yule mwanamke. Nilimpa zaidi ya kile ambacho angepewa na mwenye duka yeyote pale Arusha, na zaidi ya ilivyostahili kwa mizani. Ndiyo maana jambo lenyewe halijanitoka rohoni. Ningekuwa nimemdhulumu nusu rupia, ningeshatubu zamani, nikatoa sadaka, nikalala usingizi wangu.

Mie mtu wa Pangani. Nilipanda bara kwa miguu na msafara wa wachukuzi, baada ya kusikia kwamba Wadachi wamejenga boma la mawe chini ya Mlima Meru. Penye boma pana askari, askari wana wake, na wake za askari wanapenda kujipamba. Habari zilikuwa za kweli. Nilijenga kibanda changu kando ya njia iteremkayo Mto Themi, nikasimika fuawe, nikatega mivukuto, na haikupita masika nikawa sipati hata nafasi ya kujikuna. Bangili, vikuku, vipini vya pua, pete za wanaume waliotaka kuonekana wamefika. Mwezi wa saba baridi ya pale inaingia mpaka kwenye mifupa, nami nilikuwa nakumbatia moto wangu mchana kutwa, watu wakinisifu kwa bidii ya kazi.

Shida ilikuwa malighafi. Rupia za Mdachi zilikuwa fedha nzuri kabisa, lakini zilikuwa na sura ya mfalme wao mwenye masharubu, na askari mmoja aliniambia kwamba fundi atakayekutwa anaitia sura ile motoni atalazwa kifudifudi mbele ya boma apigwe viboko hamsa wa ishirini. Sijui kama ilikuwa sheria au alikuwa ananitania. Sikutaka kuijulia kwenye makalio yangu. Basi nikawa natafuta zile reale, sarafu kubwa za fedha za zamani, zenye bibi wa Kizungu mwenye kifua kilichojaa, zilizoachwa na misafara ya pembe kabla Mdachi hajaja. Watu wa mlimani walikuwa nazo, nyumba hii moja, nyumba ile moja. Sokoni hawakuzipeleka. Walizitoboa au kuzitia kipete, wakazivaa.

Sasa mwaka huo shaushi mmoja wa boma alioa. Shaushi ndiye sajini wa siku hizi, na huyu alikuwa mtu mwenye sauti ya kuamsha farasi. Alikuja kibandani kwangu na mke wake mpya, akamshika kifundo cha mkono akanionyesha, akasema anataka bangili mbili pana, pea moja, na anazitaka kabla hajaondoka kwenda safari ya Kondoa. Nikasema ewallah. Ningesema nini kingine? Walipoondoka nikakusanya fedha yote niliyokuwa nayo, vipande, vumbi la tupa, mpaka hereni moja ya marehemu mama yangu, nikaweka kwenye mizani. Ilitosha bangili moja na nusu.

Bangili ya kwanza niliimaliza. Ya pili ikawa inanisumbua usingizini. Niliuliza kwa Wahindi, niliuliza kwa wachuuzi wa Ngarenaro, reale hakuna, au ipo kwa bei ya kuudhi. Siku ya safari ya shaushi ilikuwa inakaribia, na kila alipopita njiani alinipungia mkono kwa uchangamfu, jambo lililonitisha kuliko matusi.

Ndipo akaja yule mwanamke. Ilikuwa siku ya soko, ameshauza ndizi zake, na kapu lake tupu amelipachika begani. Mmeru, kijana bado, na mimba yake imeanza kuonekana vizuri. Alisimama mlangoni kama wanavyosimama watu wa mlimani, hataki kuingia mpaka aambiwe, nami nikamkaribisha, akaingia akachuchumaa karibu na moto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kimeru changu kilikuwa cha sokoni vilevile, tukakutana katikati. Akatoa shingoni kamba ya ngozi, akanikabidhi reale. Kipete cha kupitishia kamba kilikuwa kimekatika, naye alikuwa amekifungia uzi. Alitaka nimtilie kipete kipya.

Niliigeuza mkononi. Nimeshika reale nyingi maishani mwangu, lakini ile ilikuwa imelika mpaka basi. Bibi wa Kizungu hayupo. Upande wa nyuma, penye tai mwenye vichwa viwili, hakuna tai. Ukiielekeza kwenye mwanga wa mlango ndipo unaona kivuli cha bega, nacho unakiona kwa sababu unajua kinapaswa kuwa hapo. Ilikuwa laini na ina mafuta, kama sabuni iliyotumika.

Nikamuuliza imelikaje hivi. Akaniambia ni ya nyumba yao. Baba yake mkwe aliipata kwa msafara, katika mwaka ambao nchi za jirani zilikuwa na njaa, alipowauzia wachukuzi chakula. Tangu hapo mwanamke yeyote aliyeolewa nyumba ile akishika mimba huivaa, na mama mkwe kila asubuhi huipaka siagi, akaisugua kwa kidole gumba huku akimwombea mtoto. Mtoto akizaliwa huvishwa yeye mpaka atoke jino la kwanza, halafu inamsubiri mwingine. Mama mkwe mwenyewe aliivaa alipokuwa na mimba ya huyo mume wake. Safari hii ni zamu yake yeye. Alipolisema hilo aliweka mkono juu ya tumbo, akatabasamu kidogo, akainamisha kichwa kwa haya.

Mie nilikuwa nimeshaiweka kwenye mizani.

Wallahi mkono ulikwenda wenyewe. Ni mazoea ya kazi. Fundi wa fedha hawezi kushika kitu asikipime. Upande mmoja niliweka rupia mbili na vipande kidogo, ikatulia. Ndiyo ile iliyokuwa inapungua kwenye bangili ya shaushi, ndiyo hasa, na chembe juu yake.

Lazima niseme kitu kuhusu fundi aliyenifunza, kule Pangani. Alikuwa mkali, mchoyo wa sifa, na mwenye sheria zake. Moja ilikuwa kwamba kitu kilicholetwa kutengenezwa hakiulizwi bei. Ukitaka kukinunua, kitengeneze kwanza, mrudishie mwenyewe, aondoke nacho, na siku nyingine kama una haja mfuate kwake ukakae kitako uombe. Alisema mtu aliyekukabidhi kitu ukitengeneze ameshakuamini, na mtu aliyekuamini hawezi kujadiliana nawe. Nilikuwa naijua sheria hiyo kama ninavyolijua jina la baba yangu.

Nikamwambia nitampa rupia mbili.

Akacheka. Alidhani namtania, maana watu wa pwani tunajulikana kwa utani. Akasema hii haiuzwi, fundi, hii ni ya mtoto. Basi nikacheka nami, nikachukua kipande cha waya, nikaanza kukikunja kiwe kipete. Yangeishia hapo. Mara nyingine najiambia kwamba laiti angenyamaza tu pale, au laiti mie ningenyamaza, kazi ilikuwa ya muda mfupi. Lakini mtu akikaa kwenye moto wako unamsemesha. Nikamuuliza habari za nyumbani, za mume, za ng'ombe.

Ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, karibu wote. Mume yupo, lakini hajapata kodi ya kibanda. Karani wa boma alipita na askari, akawaandika wote wasiolipa, na mume wake ameambiwa kwamba soko lijalo likifika hana rupia tatu, atachukuliwa kwenda kuchimba mifereji kwenye shamba la mlowezi mmoja kule Usa. Mwaka uliotangulia shemeji yake alichukuliwa hivyo hivyo akarudi na kifua, mpaka leo anakohoa. Alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha. Mama mkwe hakuwepo kuwapa shauri. Alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake aliyeolewa upande wa pili wa mlima.

Niliweka koleo chini. Nikaitazama ile reale kwenye mizani, naye akidhani natafakari namna ya kuunga kipete.

Nilikuwa naamua bei. Sitaki kujisingizia kwamba nilipitiwa, au kwamba shetani alinishika mkono. Nilifikiri kwa utulivu kabisa. Mbili ameshazikataa. Mbili na nusu hazitamsaidia kitu, maana nusu nyingine ataitoa wapi, na akikosa nusu ni sawa na kukosa zote. Nne zitamshtua, atajiuliza kwa nini fundi anataka hivyo kitu kilichofutika, ataondoka nayo aende kumuuliza mumewe, na mume atakataa. Tatu. Mtu yeyote ukimwekea mbele yake kile anachokikosa, si zaidi si pungufu, hana njia ya kukikwepa. Na kwa tatu mie nilikuwa nakula hasara, kwa hiyo hata Mungu akiniuliza nina la kujibu. Hilo nalo nililifikiria. Nilijiandalia jibu kabla sijatenda.

Nikafungua kikasha, nikatoa rupia tatu, nikazipanga juu ya fuawe mbele yake.

Nikamwambia, "Kodi hiyo hapo."

Alizitazama, akatazama reale, akatazama tena rupia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya tumbo, na nadhani hakujua kwamba anajisugua, polepole, huku na huku. Nilijitia hamnazo, nikachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nilikuwa namwonea huruma, na huruma haikunizuia hata kidogo. Mwishowe akauliza kama nitamtunzia, ili wakiuza pombe ya mbege na ndizi za msimu aje kuikomboa.

Nikasema haya, nitakutunzia.

Alipotoka nilimfuata kwa macho mpaka akavuka mto. Kisha nikafunga mlango, nikavuta mivukuto. Fedha kuukuu inayeyuka kwa urahisi, haina ubishi. Ilikaa mviringo kidogo, ikalegea kingo, ikawa tone linalotetemeka ndani ya chungu. Hata kile kipete nilichokuwa nimeanza kukikunja nilikitumbukiza humo. Alasiri ilipokwisha bangili ya pili ilikuwa imekamilika, na shaushi alipokuja akanipiga bega kwa furaha nusura nianguke kwenye moto. Akaondoka na safari yake, mke wake akafuatana naye, bangili mikononi.

Siku ya soko lililofuata mume hakuchukuliwa. Nilimuulizia kwa wachuuzi wa ndizi, kwa mbali, kama mtu asiye na haja. Wakaniambia amelipa, ana cheti. Moyo ukatulia. Nilianza hata kujiona mwema, na nilikuwa nimefika mbali kwenye njia hiyo ya kujiona mwema yule mwanamke aliporudi.

Alikuja siku isiyo ya soko, hana kapu, hana ndizi. Uso wake ulikuwa umeshuka. Akaniambia mama mkwe amerudi. Amemtazama shingoni, akauliza, naye akasema kweli yote. Mama mkwe hakumpiga wala hakumgombeza. Alimtuma tu aje aniulize kama bado ipo. Halafu, bila mie kumuuliza, akaniambia kwamba ameshazika watoto wawili. Mara zote mbili reale ilikuwa imevaliwa na mke wa shemeji yake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na alikuwa na mimba wakati huohuo, na watoto wa huyo wako hai, wanakimbia. Tangu alipoiacha kwangu hapati usingizi. Mtoto akitulia tumboni kidogo tu anajipigapiga ili acheze.

"Ipo?" akaniuliza.

Ningesema haipo. Maneno mawili tu, angelia, angenilaani, ningestahili. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza, na ulimi wangu ukasema, "Ipo."

Akataka kuiona. Nikasema nimeiweka kwa Mhindi, kwenye sanduku la chuma, kwa usalama. Waje siku ya soko. Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka mbiombio. Mie nilibaki pale nikiwa sijui pa kuutia uso wangu, na hakuna mtu aliyekuwa ananitazama.

Basi nikaenda kwa Mhindi kweli. Alikuwa nayo reale moja, anaing'ang'ania, na mie mwenyewe siku zile za shaushi nilishaikataa kwa bei yake. Safari hii alinitazama usoni, akaongeza bei palepale. Nilitoa bila kujadili. Alishangaa, nadhani hata alichukia kidogo, maana hakuna mfanyabiashara anayefurahi kuuza bila kubishana.

Reale ile ilikuwa na afya. Bibi wa Kizungu yumo, mzima, na shela yake na kidani chake. Nikaketi na jiwe la kunolea, mchanga laini na majivu, nikaanza kumfuta. Pua ilitangulia, kisha shavu, kisha kifua. Tai wa nyuma alikuwa mkaidi zaidi. Nilisugua mpaka ngozi ya kidole gumba ikanitoka, na nilipoona damu nilifurahi, nikadhani labda hiyo itahesabiwa. Upuuzi. Nikaipaka siagi, nikaivaa ndani ya kanzu usiku na mchana ipate harufu ya mwili, nikaisugua tena. Kazi ilikuwa safi. Naona aibu kusema kwamba nilijivunia.

Siku ya soko wakaja wawili. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anatembea bila fimbo, na macho yake yalikuwa makali kama ya mtu anayechagua mbegu. Nilimwamkia kwa adabu zote, shikamoo mama, kiti nikampa. Hakukaa. Mkamwana wake alibaki nyuma yake hatua kidogo, kama wanavyofanya mbele ya mama mkwe, ananichungulia kando ya bega lake.

Nikaitoa reale, nimeitia kipete kipya na kamba mpya ya ngozi, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Aliipokea kiganjani. Aliitazama upande mmoja, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja tu, taratibu, toka ukingo huu mpaka ukingo ule. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Kisha, bila kugeuka, akamwambia mkamwana wake aende kwa Mhindi akanunue chumvi kabla hawajasahau, akampa heleri kutoka kwenye fundo la nguo yake. Yule kijana alisita, anataka kuiona kwanza. Mama mkwe akasema utaivaa ukirudi. Akaenda.

Tulimsikiza mpaka hatua zake zikapotea.

"Yangu iko wapi?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo hiyo. Nikasema, "Nimeiyeyusha, mama."

"Lini?"

"Siku ileile."

Akauliza imekuwa nini. Nikamwambia bangili. Akauliza iko wapi hiyo bangili, nikasema iko Kondoa, mkononi mwa mke wa shaushi. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake alipotelea bonde gani na ameshajua kwamba hatakwenda kumtafuta huko. Kisha akaanza kusema, kwa Kimeru cha polepole ili nimfuate. Akasema wana wake wote walilelewa na ile reale, na wajukuu. Akasema amezoea kila asubuhi kidole chake kwenda pale. Hakunitukana. Nilingoja tusi kama mgonjwa anavyongoja dawa, sikulipata.

Nikapiga magoti, mie mtu mzima, nikamwomba radhi. Nikamwambia achukue hii niliyomletea, aichukue bure, na rupia tatu za kodi asizitaje kabisa, na nikifika na uwezo nitaongeza mbuzi.

Ndipo akafungua fundo la nguo yake tena, akatoa rupia tatu, akaziweka juu ya fuawe palepale nilipoziweka mie siku ile. Alikuwa ameuza mbuzi wake wa maziwa kuzipata. Hilo alilitaja mwenyewe, bila kulalamika, kwa sababu nilikuwa nimetaja mbuzi.

Nikazisukuma zimrudie. Nikasema siwezi, mama, hizi siwezi kuzichukua.

Akazirudisha. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, nikasikia harufu ya moshi na siagi kwenye shuka lake.

"Utazichukua," akasema. "Huyu akinitazama naondoka na kitu changu na pesa zangu, atauliza kwa nini. Usiku atauliza, kesho atauliza, na jibu lipo moja tu. Ameshazika wawili. Mie nitasema ni yenyewe, na wewe utasema ni yenyewe, na utapokea malipo yako mbele yake."

Nikamwuliza kama yeye anaamini kwamba hii itafaa. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka anipe kitu cha kushika. Akasema kwamba itabidi aanze kuisugua upya, na kwamba yeye ni mzee na asubuhi zilizobaki si nyingi.

Hatua zikasikika njiani. Nikasimama, nikajipangusa magoti. Yule kijana akaingia na chumvi yake ndani ya jani la mgomba, anahema, macho moja kwa moja kwenye mkono wa mama mkwe. Mama mkwe akamgeukia. Akasema kwa sauti ya juu, ya furaha, sauti ambayo sikudhani anayo, kwamba ndiyo yenyewe, haikuguswa, fundi ameitunza vizuri. Akamvisha. Akashika ile reale juu ya tumbo, akaitemea mate ya baraka kama wafanyavyo, akaanza kuisugua kwa kidole gumba akinong'ona maombi, na mkamwana wake alikuwa amefumba macho, machozi yanamchuruzika na anacheka huku analia.

Rupia zilikuwa bado juu ya fuawe. Mama mkwe alinitupia jicho.

Nikanyoosha mkono, nikaziokota, moja, ya pili, ya tatu, nikazitia kikashani.

Yule kijana akafumbua macho. Akanisogelea, akaushika tena mkono wangu kwa mikono yake miwili, mkono uleule uliotoka kuchukua rupia za mbuzi wa mama mkwe wake, na kile kidole changu kilichochubuka kikauma alipokibana.

"Ahsante, baba," akaniambia. "Ahsante kwa kunitunzia."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja nijibu.

"Haya, mwanangu," nikasema. "Ndiyo yenyewe."